Kristofa Kwenye Msale

Yunis alikuwa barazani anachambua maharage wakati Mwanahawa, jirani yake, alipofika amevaa gauni la Idi, ungo wa viazi mkononi, tayari kupigwa picha akimenya.

"Unamenya viazi na gauni hilo?" Yunis aliuliza.

"Kwani unataka Wazungu waone lile la shambani? Piga, Mama Efrazia, kabla halijashika moshi."

Kijiji chao, juu ya Mlalo katika milima ya Usambara, kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa. Sista Hanna, muuguzi aliyekaa miaka mingi kwenye zahanati ya misheni, alikuwa amerudi kwao Ulaya, na kutoka huko alimtumia Yunis kamera ndogo na mikanda miwili ya picha. Aliomba aone maisha yao ya kila siku, kulima na kupika na kuteka maji, awaonyeshe na rafiki zake. Watu walikubali kwa moyo mmoja. Walivaa nguo za kanisani na za msikitini wakapigwa wakikata majani ya ng'ombe. Redio ya Mwenyekiti Rubeni ilizungushwa nyumba hadi nyumba, ikae karibu na jiko, mpaka betri zikaisha.

Yunis alipiga pia shamba la bondeni, ambalo Sista alilijua, kwa maana kabichi zake alizila. Wakati anapiga hapakuwa na mtu shambani.

Shamba hilo alililima na mumewe, Kristofa, hadi Mungu alipomchukua. Baada ya matanga, mdogo wa marehemu, Sefania, alikuja kuzungumza habari ya kumrithi. Yunis alimjibu kwa adabu kwamba ameolewa mara moja na inamtosha. Sefania hakukasirika. Msimu uliofuata misale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa shamba, ilionekana mahali pengine. Mfereji wa maji na udongo mweusi vikawa kwa Sefania, na Yunis akabakiwa na ukingo wa mawe. Kwa kuwa Mshambaa hang'oi msale wa mpaka, watu walisema basi itakuwa ilikuwepo pale tangu zamani.

Mkanda ukapelekwa Tanga kusafishwa. Picha ziliporudi, gauni la Mwanahawa lilikuwa limetoka vizuri. Katika picha ya shamba alikuwamo Kristofa, amesimama kando ya mfereji, mkono juu ya msale, mahali pa zamani.

Mwanahawa aliitazama akiendelea kutafuna muwa. "Sweta hiyo si ndiyo mliyomzika nayo?"

"Ndiyo hiyo."

"Haijachakaa."

Yunis alisali, kisha akaipeleka picha kwenye kamati ya kijiji. Alisema anataka kitu kimoja, arudishiwe shamba lake lenye maji, maana mawe hayaoti kabichi. Rubeni aliishika picha karibu na dirisha, akaipitisha kwa wajumbe, kila mmoja akifuta vidole kwanza. Wote walisema ni Kristofa. Sefania, ambaye naye alikuwa mjumbe, ndiye aliyekaa nayo zaidi.

"Ni kaka," alisema. "Hata ule mguu kaupumzisha vile vile."

"Na huo msale alioushika, shemeji?" Yunis aliuliza.

"Huo ndio alioupanda na baba. Ulikuwa hapo." Sefania alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa mtu wa kusema uongo.

Mjumbe mmoja alikohoa. Rubeni akairudisha picha kwa mikono miwili.

"Mama, hapa hakuna anayebisha. Ila marehemu si mwanachama wa kijiji, hawezi kusikilizwa kwenye kikao. Na siasa yetu unaijua, ardhi ni ya anayeilima. Anayelima pale sasa ni ndugu Sefania."

"Mimi nimelima pale tangu nilipoolewa, Ndugu Mwenyekiti."

"Ulikuwa unalima ya mumeo, mama."

Ikaletwa chai. Wakati wa kutoka, Sefania alimfuata Yunis mlangoni akamwomba kwa upole kama anaweza kumsafishia nakala moja, mama yao aliyekuwa mgonjwa angefurahi kumwona mwanawe.

"Nitakupatia, shemeji," Yunis alisema, na alimpatia. Sefania akaendelea kulima bondeni. Alipofika pale kando ya mfereji alizungusha tuta kidogo, asimkanyage kaka yake.

Yunis alilima ukingoni. Alitoa mawe, akayapanga yazuie udongo, akateka maji chini na kuyapandisha kwa debe. Picha ya mwisho ya mkanda wa pili alimwomba Mwanahawa abonyeze, naye akainama kwenye jembe lake.

Ilipotoka Tanga, Yunis alikuwa ameinama vile vile kati ya mawe. Nyuma yake, kwenye njia ya kupandia, alikuwapo Kristofa, suruali ameikunja hadi magotini, na debe la maji kichwani, kazi ambayo uhai wake wote hakuwahi kuifanya, wala baba yake.

"Kumbe na yeye wamemhamisha," Mwanahawa alisema.

Yunis aliiangalia kwa muda, akaiweka kwenye bahasha ya Sista Hanna. Nyuma ya picha aliandika, kwa mwandiko wake wa darasa la nne: Hapa ndipo tunapolima sasa.