Mtu wa Kumi

Treni ilikwishaanza kusogea walipomwingiza mzee. Kinyozi alimvuta kutoka ndani kwa mikono miwili, binti yake akamsukuma mgongoni, na Mama Kadi akauzuia mlango kwa nyonga yake, mlango unamgonga, unarudi, unamgonga tena, king'ora kinalia. Kiatu kimoja cha mzee kilibaki jukwaani. Kilionekana kidogo kupitia dirisha, kimelala ubavu, halafu hakikuonekana tena.

"Tumetimia," alisema Mama Kadi, akihema.

"Kiatu cha baba," binti akasema.

"Kiatu hakihesabiwi, mwanangu. Mkalishe."

Mama Kadi alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, mwanamke mpana, na kadi ya kikundi ilimning'inia kifuani kwa utepe kama hirizi. Watu walibanana, mzee akapata kiti cha dirishani. Dada wawili wa kikundi, wafagiaji wa maofisi, walikuwa wamekuja na mto mdogo kutoka nyumbani, wakamwekea kichwani. Walianza kuuleta jana. Si kwamba walimpenda mzee kuliko wengine walivyompenda. Walimtunza kama mtu anavyolitunza yai lililobaki moja.

Mzee alikuwa fundi funguo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekaa nje ya kituo cha mwisho, jiliwa lake la kubania funguo limefungwa kwenye meza ya mbao, anawachongea watu funguo za milango asiyoijua. Kiunoni alivaa pete ya funguo ghafi, zile ambazo hazijakatwa meno. Treni ikitikisika, zinalia. Siku hizi kikohozi kikimshika zinalia hata treni ikiwa imesimama.

Binti alikuwa mpiga pasi. Mashuka mia tatu kwa zamu moja, mengi yao ya hospitali, yale yenye muhuri wa bluu pembeni. Viganja vyake vilikwishakuwa vigumu, angeweza kushika sufuria bila kitambaa.

Mpaka mwaka jana kila mfanyakazi alikuwa na tiketi yake ya wiki. Kipande cha karatasi ngumu, unatia mfukoni, unapanda utakako, unashuka utakako, unalipa nusu. Halafu Jumatatu moja wakakuta tangazo limebandikwa juu ya ratiba. Tiketi ya wiki imefutwa. Badala yake kuna Kadi ya Kumi: watu kumi, picha zao ndani ya kadi, wanapanda pamoja kituo kimoja na kushuka pamoja kituo kimoja, asubuhi na jioni. Hao ndio watakaolipa nusu. Kikundi kikipungua mtu, siku hiyo wote wanalipa nauli nzima. Kikipungua mara ya pili katika mwezi huohuo, kadi inafungwa siku tisini. Chini kabisa, kwa rangi ya kijani: *Umoja ni Nafuu.*

Siku ya kwanza watu waliwaka. Walipiga mabati ya kituo, mtu mmoja akalichana tangazo, wakamshangilia. Kesho yake tangazo lilikuwa limerudi, safari hii nyuma ya kioo. Siku ya nne akaja afisa wa huduma kwa abiria, na kipaza sauti, na maboksi ya maji ya chupa. Alisema amekuja kusikiliza. Watu wakanywa maji.

"Na mtu akiugua?" mama mmoja aliuliza.

"Swali zuri sana hilo," afisa akasema. "Tumelichukua."

"Wamelichukua," Kinyozi akasema kwa sauti, "na tiketi zetu za wiki walizichukua hivyohivyo."

Watu walicheka mpaka afisa naye akacheka. Baada ya wiki mbili walikuwa wamepanga foleni kupigwa picha.

Kuunda kikundi haikuwa kazi ndogo. Watu walipimana pale jukwaani kama wanunuzi mnadani. Wewe una sukari? Wewe mke wako yuko mwezi wa ngapi? Mshona mashati mmoja mwenye mimba alizungukia vikundi vitano, kila kimoja kikamwambia kimejaa. Kikundi cha Mama Kadi kilikuwa na watu tisa wazima, na wa kumi walikuwa wamempata tayari, fundi vigae, kijana mwenye kifua kama mlango. Binti ndiye aliyesimama katikati akakataa.

"Baba yangu je? Baba hajakosa kazi hata siku moja tangu nizaliwe. Siku tuliyomzika mama asubuhi, mchana alikuwa kwenye jiliwa."

"Ni mtu mzima sana, mwanangu," Mama Kadi akasema.

"Nitamjibia mimi."

"Utamjibia?"

"Nitamjibia."

Basi fundi vigae akaenda kikundi kingine, na mzee akapigwa picha. Ikatokea kwamba wao ndio walikuwa kikundi cha mia moja, kwa hiyo shirika likaleta mpiga picha wake, mwenye kamera kubwa. Mzee aliwekwa katikati kwa sababu ya ndevu zake nyeupe. "Cheka, mzee," mpiga picha alimwambia, na mzee, ambaye hakuwa mtu wa kucheka na wageni, akacheka.

Kikohozi kilianza mwezi wa tatu wa kadi.

Hospitali iko kituo cha nne. Jengo lenyewe liko pale pale, ukuta kwa ukuta na reli. Treni ikisimama, mlango wa behewa unatazamana na mlango wa wagonjwa. Binti alimpeleka baba yake Jumapili, mlinzi akawaambia wenye maradhi ya kifua ni Jumanne na Alhamisi, asubuhi tu. Akampeleka Jumanne. Daktari alimwekea mzee kipimo mgongoni, akasikiliza muda mrefu, akavua miwani.

"Maji yamejaa huku. Leo sina kitanda. Alhamisi mlete tumlaze, tuyatoe. Alhamisi, mama, si wiki ijayo."

Jumanne hiyo wanane walifika geti la kituo bila mzee na binti yake, na mashine ikawadai nauli nzima, asubuhi na jioni. Mdogo wa wale dada wawili alirudi nyumbani kwa miguu, akafika malengelenge yamempasuka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mwezi ulikuwa bado una siku kumi na tisa.

Jumatano, wakati wa chakula, binti alikwenda dirisha la huduma. Aliinama kwenye kitundu cha kioo.

"Naomba kubadilisha mtu mmoja kwenye kikundi."

"Amehama?" dada wa dirishani aliuliza bila kuinua macho.

"Anaumwa."

"Sababu ziko mbili. Amehama, au amejitoa."

"Hajahama wala hajajitoa, dada yangu. Anaumwa kifua. Kesho anatakiwa kulazwa."

"Basi bado ni mwanachama."

"Na tukisema amejitoa?"

"Anasaini fomu, kikundi kinasubiri siku tisini, mnaingiza mwingine."

"Hizo siku tisini tunalipaje?"

"Nzima."

"Si ni sawasawa na kufungiwa?"

"Hapana. Hii mnakuwa mmeomba wenyewe." Alimsukumia fomu chini ya kioo. Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri: "Mimi nakuelewa, dada. Mfumo ndio hauelewi. Anayefuata!"

Jioni ndani ya treni aliwaeleza wenzake alichosema daktari. Hakuna aliyesema mzee asiende.

"Ni baba yako," Mama Kadi akasema. "Uamuzi ni wako, mwanangu."

Wengine wote walitazama viatu vyao. Mzee alikuwa amelala, au alijifanya. Kisha mkubwa wa wale dada, ambaye mumewe alikuwa hana kazi tangu mvua zianze, alisema polepole, bila ubaya wowote, "Lakini ulituambia utamjibia."

Na sasa ilikuwa Alhamisi.

Kituo cha pili, cha tatu. Mzee alikuwa amefumbua macho, anahema kwa mdomo, kifupi kifupi. Mguu usio na kiatu aliufunika kwa mwingine. Binti alikuwa ameweka kwenye mkoba khanga mbili, sabuni, na kikombe, vitu vya kulazwa navyo. Wenzake walikuwa wameuona mkoba umevimba.

Treni ikapunguza mwendo. Ukuta wa hospitali ukaja, ukaanza kupita dirishani, ukasimama.

"Ndipo hapa?" mzee aliuliza.

"Ndipo, baba."

Mlango ukafunguka. Pale ng'ambo, hatua labda arobaini, watu walikuwa wamekaa kwenye benchi na vyeti vyao mikononi. Harufu ya dawa ya kudekia iliingia behewani. Treni husimama hapo dakika moja.

Binti akamshika baba yake kiwiko. Mzee akaanza kuinuka, akaishia nusu, amekamata kiti cha mbele, anamwangalia binti yake amwambie.

"Tushuke wote basi," Kinyozi akasema. "Si tuliingia kumi? Tutoke kumi. Tumpeleke mzee pale, sisi tupande ya nyuma yake."

Wakacheka. Walikuwa wamezoea kumcheka kila asubuhi; bila yeye safari ilikuwa ndefu. Treni ya nyuma ilikuwa baada ya dakika arobaini, na geti la kiwanda hufungwa saa moja na nusu, anayelikuta limefungwa hulikuta limefungwa moja kwa moja.

"Wewe nawe!" Mama Kadi alisema, anajifuta macho kwa utepe wa kadi. "Asubuhi yote hii!"

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Yeye hakuwa anacheka. Aliwatazama mmoja mmoja, wakazidi kucheka, kwa sababu hata uso huo walidhani ni sehemu ya mchezo. Akaurudisha mguu ndani.

King'ora kikalia.

"Alhamisi si ipo kila wiki?" mzee akasema.

Binti aliwatazama wenzake. Aliona wale dada wawili wameshikana mikono juu ya mapaja. Aliona utepe wa Mama Kadi. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye kiwiko cha baba, akahisi jinsi mfupa ulivyo mwembamba ndani ya koti, kisha akahisi mfupa unashuka, mzee anajirudisha kitini mwenyewe, polepole, asimtie mtu tabu. Mlango ukajifunga. Funguo zikalia kiunoni.

Kituo cha mwisho walitoka mmoja mmoja, mzee katikati, ameshikwa huku na huku. Kwenye kioo cha mashine namba zilipanda: saba, nane, tisa, kumi. Taa ikawa ya kijani. Mlinzi wa geti aliuangalia mguu mtupu wa mzee, akaiangalia namba.

"Kumi," akasema. "Piteni."

Mzee alifariki Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, mezani pake, tupa ya kuchongea mkononi. Katika jiliwa kulikuwa na ufunguo uliokatwa meno matatu kati ya matano. Mwenye mlango alikuja jioni kuuchukua, akausubiri, akaondoka.

Jioni hiyo hiyo kikundi kilifika getini watu wanane. Walipoulizwa wengine wako wapi wakasema mmoja amefariki na mmoja yuko naye. Mlinzi aliwapa pole, akavua kofia. Mashine ikaandika: mara ya pili. Kadi ikafungwa siku tisini.

Mkubwa wa wale dada aliacha kazi. Mdogo anatembea kwa miguu, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mama Kadi alichukuliwa na kikundi kingine kwa sababu ana afya nzuri. Huko utepe anauvaa mtu mwingine, Mama Kadi ni wa saba tu. Kinyozi amehamishia kiti chake mtaani kwake, na wateja wanasema ananyoa vizuri ila haongei. Fundi vigae ni mzima. Afisa wa huduma kwa abiria amepelekwa makao makuu, na lile swali bado wamelichukua.

Binti anaendelea kupiga pasi mashuka ya muhuri wa bluu. Siku tisini zilipokwisha alianza kukijaza kikundi upya, akapeleka kwanza fomu ya kuingiza mtu mpya mahali pa baba yake, na cheti cha kifo amekibana nyuma kwa pini. Ilirudishwa. Kwenye kijikaratasi waliandika kwamba fomu haijasainiwa na mwanachama anayejitoa. Kikundi hakijafufuka. Analipa nzima.

Ile picha ya kikundi cha mia moja imekuzwa, ikawekwa kwenye mabango. Moja limebandikwa kituo cha nne, upande wa milango ya treni, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa hospitali. Wako wote kumi. Mzee yuko katikati, anacheka, amevaa viatu vyote viwili.