Josho Moja, Majina Mawili

Mjukuu wangu Sharon anafanya kazi ambayo mwanzoni sikuielewa. Yeye na vijana wenzake, kwa kujitolea tu, hurekebisha ensaiklopidia ya mtandaoni, lile buku kubwa lisilo na karatasi ambalo watu huliandika kwa lugha nyingi. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kwangu Kapsoya, mjini ninakoishi siku hizi, akasukuma chupa ya chai kando, akafungua kompyuta yake mezani.

Kwenye kioo kulikuwa na vidoti vya rangi vilivyounganishwa kwa nyuzi, kama sweta iliyochezewa na paka.

"Kogo," akaniambia, maana wajukuu wetu hutuita hivyo sisi akina nyanya, "kila kidoti ni ukurasa, na kila rangi ni lugha. Uzi unasema kurasa hizi mbili zinaeleza kitu kimoja. Fundo zuri lina kidoti kimoja tu cha kila rangi. Sasa ona hili. Lina viwili vya kijani, na kijani ni Kiswahili."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo vitu viwili tofauti vimefungwa pamoja kimakosa. Wenzangu wameshakubaliana. Nakata uzi huu."

Nikavaa miwani. Kidoti kimoja cha kijani kiliandikwa Kaptarit. Kingine, Gatura. Kaptarit kilishikana na Kiingereza, Kiingereza kikashikana na Gatura, na Gatura kikashikana na Kigikuyu.

"Usikate," nikasema.

"Kogo, hivi ni vijiji viwili! Hebu soma."

Nikasoma pole pole, maana darasa langu la saba ni la zamani. Ukurasa wa Kaptarit ulisema kijiji kiko juu ya josho la ng'ombe. Wa Gatura ulisema kijiji kilikuwa chini ya josho, na kwamba tangu Januari 2008 nyumba zake hazipo.

Josho ni lile lile. Sisi wa juu tuliita mahali pote Kaptarit. Wangechi, jirani yangu wa chini, na watu wake walikuja na jina la kwao walikotoka, wakapaita pote Gatura, na hakuna aliyemkataza mwenzake. Kila Alhamisi, ng'ombe wakiogeshwa, tulikaa pamoja kando ya ua, mimi na kibuyu changu cha mursik, maziwa ya mgando yenye majivu ya mkaa, yeye na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe.

"Mama Kipkorir," alikuwa akinitania, "haya maziwa yako yana masizi. Umeyatoa kwa ng'ombe au kwa bomba la moshi?"

"Na maharagwe yako yako wapi? Au umeniletea mahindi ya kuku?"

Ile siku ya vurugu za uchaguzi, nyumba za chini zilipochomwa, alipita kwangu na godoro kichwani, akaniwekea mkononi kamba ya ng'ombe wake mwekundu. "Nishikie," akasema, basi. Kwetu mtu akikuwekea ng'ombe, maziwa ni yako lakini uzao ni wake, hata miaka ipite mingapi. Lori likampeleka uwanja wa maonyesho mjini, walikojihifadhi waliochomewa, kisha sijui wapi. Simu yake haikushika tena. Nimeuliza sokoni, nimeuliza makanisani, mpaka watu wakaanza kunihurumia.

"Ukikata," nikamwambia Sharon, "nitampatia wapi tena Wangechi?"

"Kogo, nikiwaambia wenzangu nyanya yangu amelia, watanicheka."

"Usiwaambie nimelia. Muulize aliyeandika Gatura."

Sharon akaandika swali kwenye ukurasa wa majadiliano, akanitaja mimi Mama Kipkorir. Jumapili iliyofuata akaja na jibu. Mwandishi ni kijana aitwaye Kevin, anaishi Nyandarua, na habari zote alipewa na nyanya yake. Huyo nyanya hataki maneno mengi. Ameuliza jambo moja tu: lango la josho lilikuwa linafungwa na nini?

"Mpira wa baiskeli!" nikasema, hata Sharon hajashusha simu. "Mpira wa baiskeli ya mumewe, na alinung'unika mpaka akanunua mwingine."

Jibu la pili halikukawia. Ni yeye.

Basi Sharon akaziunganisha kurasa mbili za Kiswahili zikawa moja.

"Jina lipi litangulie, Kogo?"

"La kwake. Letu bado linaitwa kila siku."

Nyuzi zikajipanga upya mbele ya macho yangu: kidoti cha Kiswahili, cha Kiingereza na cha Kigikuyu, vyote vimeshikana, vimekaa kama mafiga. Nilikuwa bado naviangalia simu ya Sharon ilipolia.

"Kevin anasema nyanya yake anauliza, na yule mwekundu?"

Nikaivua miwani, nikaifuta kwa leso.

"Mwambie alizeeka akafa mikononi mwangu. Lakini uzao wake uko kwa mwanangu Kipkorir, palepale Kaptarit, na kuna mtamba mmoja ana baka jeupe usoni kama la bibi yake. Mwambie aje awaone ng'ombe wake."

Sharon akaandika.

"Na uongeze," nikasema. "Akija, abebe mpira wa baiskeli. Ule wa mumewe umeoza, lango haliwezi kufungika."