Finjani ya Hizam

King'ora kilipolia, wa kwanza kufika chumba cha chini alikuwa Bi Hila. Mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwenye magoti ambayo kwa maneno yake mwenyewe yalistaafu kabla yake, aliteremka ngazi kama mbuzi wa mlimani, redio kwapa hili, paka kwapa lile. Mdogo wake Barjas alipofika akihema, alimkuta amekwishakaa juu ya katoni za maji, amejitanda buibui, anakula tende.

Katoni zenyewe zilifika darini. Tangu mwaka ule jirani wa kaskazini alipoingia Kuwait na vifaru akakaa miezi saba, Bi Hila alimtuma Barjas kununua katoni moja kila Alhamisi, na hakuruhusu hata moja ifunguliwe. Watu wa mtaani walisema ukiitoboa nyumba ile, Ghuba itapata bahari ya pili.

"Nani safari hii?" akauliza. "Wa kaskazini au wa ng'ambo ya maji?"

"Sijui, dada."

"Nchi yetu hii, Barjas, ni kama mtu mfupi aliyekalishwa katikati ya warefu harusini. Wakikumbatiana, anabanwa. Wakigombana, viwiko vyote vyake."

"Na huyo mfupi afanye nini?"

"Akae karibu na mlango. Kula tende."

Walikula tende mpaka bakuli likabaki na kokwa. Ndipo redio ikatangaza kwamba hakuna hatari, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Barjas alipanda juu, akakuta mtaa mzima umesimama nje ya milango, watu wanacheka kile kicheko cha mtu aliyeponea. Yeye hakucheka. Kidole kilichobonyeza king'ora alikijua ni cha nani.

Wadha, bintiye, kapteni wa ulinzi wa raia, alirudi magharibi ilipoanza kuingia. Alivua kofia ya kazi akaitupa kwenye kochi kama aliyemkosea ni kofia.

"Niliona nukta mbili kwenye rada, baba," alisema. "Moja mbele, moja nyuma, zinakuja mpakani zikikata kona. Nikawauliza makao makuu. Makao makuu wakauliza mji mkuu. Mji mkuu wetu ukapigia mji mkuu wa jirani wa kusini, nao wakamtafuta mtu wa zamu, na mtu wa zamu alikuwa anaswali. Ningengoja nini? Nikabonyeza."

"Na jibu lilipokuja lilisemaje?"

"Droni ya kumfundishia kozi, ndege wa kuwindia. Mbele droni imefungwa manyoya, nyuma kozi anaifukuza."

Barjas alipasuka kicheko. Alikuwa mwindaji kwa kozi tangu utotoni, na alizijua droni hizo. Siku hizi hata ndege hafundishwi tena kwa mkono. "Kozi! Watu wameacha masufuria jikoni yakaungua kwa ajili ya kozi! Ni wa nani?"

Wadha aliangalia dari. "Wa mpwa wa Jenerali Hizam."

Kicheko cha Barjas kikakatika kama kimekanyagwa mkia.

Hizam huyo ndiye aliyeingia Kuwait na vifaru vya jirani wa kusini, wakati ndugu na marafiki walipokuja kuikomboa. Alimkuta Barjas, askari kijana, barabarani, mweusi kwa masizi ya visima vya mafuta vinavyoungua, akamtupia chupa ya maji: "Kunywa kwanza, ndugu yangu, uso utaosha kesho." Urafiki ukaanzia hapo. Kila majira ya machipuo walipiga mahema pamoja, wakachimba uyoga wa jangwani, wakarusha kozi, na jioni Barjas akawasimulia watu uongo mpaka mbavu zikawauma. Alikuwa na samaki aliyemvua utotoni. Mwaka wa kwanza samaki huyo alikuwa na urefu wa mkono, mwaka wa tano walihitaji lori kumbeba.

Kisha ikaja siku Hizam alipomwazima kozi wake bora, jike jeupe, amrushe mara moja tu. Jike likapaa, halikurudi. Hizam akasema mbele ya watu: "Umeliuza." Barjas akaapa hatainywa tena kahawa ya mtu aliyemwita mwizi. Na hakuinywa. Miaka ilipita, wajukuu wakazaliwa pande zote mbili, mmoja akastaafu na mwingine akapanda cheo mpaka akawa mkuu wa eneo lote la mpaka upande wa pili.

"Kituo chao kiko pale pale, baba," Wadha alisema. "Nikipanda paani naona nguo zao zimeanikwa. Kuna mapatano ya simu ya moja kwa moja, chumba chetu na chumba chao. Serikali zote mbili zimekubali. Limebaki neno moja tu la mkuu wao wa mpaka, aseme vijana wake wako tayari. Tangu kiangazi yuko kimya."

"Kwa nini?"

"Alipoambiwa kapteni wa upande wetu ni binti ya nani, akasema hakuna neno litakalotoka nyumba ile akaliamini."

Bi Hila akatoa mluzi mwembamba. Hakuna aliyejua kuwa anaweza kupiga mluzi.

"Leo ilikuwa kozi," Wadha akaendelea, na sasa sauti yake ilishuka. "Siku ikija droni ya kweli, itakuwa imepita juu ya vichwa vyao kabla haijafika kwetu. Wao wataiona. Wataniona na mimi nimekaa sijui. Na watakuwa hawana namba ya kunipigia."

Barjas aligeukia kaskazini. Yeye alikuwa kituo cha kaskazini alfajiri ile ya Agosti vifaru vilipoingia, amekamata simu kwa mikono miwili. Upande wa pili ilikuwa inaita tu. Iliita, ikaita, mpaka waya wenyewe ukakatika. Kila jambo maishani mwake alilitia chumvi akalisimulia barazani, lakini mlio wa simu ile hakuwahi kumsimulia mtu.

"Kesho nakwenda kwa Hizam," alisema.

"Kufanya nini, na kahawa yake huinywi?" Bi Hila akamchokoza. "Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda! Utakaa hemani kwa mtu umekunja midomo kama mtoto anayenyweshwa dawa?"

"Nitajua nikifika."

"Hujui. Wewe hujawahi kujua ukifika."

Asubuhi alivaa bishti, joho lake jeusi la harusini, akajifukiza udi, akaendesha gari kusini. Mpakani walitazama kitambulisho chake, wakamtakia safari njema, na jua likiwa halijawa kali alikuwa mbele ya hema kubwa la Hizam. Gari tano za kijeshi nje, kondoo mmoja amefungwa, akitazama watu kwa macho ya anayejua ratiba ya mchana.

Ndani, wazee na maofisa walikuwa wamekaa juu ya mazulia kuzunguka makaa. Hizam alikaa kati, ndevu zimetiwa hina, tumbo limempita cheo. Kando yake, juu ya kigingi, kozi kijana amevikwa kofia ya ngozi. Yule yule mhalifu wa jana.

Hizam alimwona, akasimama. Mgeni ni mgeni. Wakagusana pua kama desturi inavyotaka, kila mmoja amezuia pumzi.

"Bu Jarrah," Hizam alisema, akimwita Barjas kwa jina la mwanawe. "Umezeeka."

"Nawe, Abu Turki, umeongezeka. Jangwa limepungua tangu ukalie."

Maofisa wakatazama chini kuficha meno. Mnywesha kahawa akaja na dele mkono wa kushoto, akamimina kidogo kwenye finjani, harufu ya iliki ikajaa hema. Akampa Barjas. Barjas akaipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, kisha akaiweka chini kwenye zulia, mbele ya magoti yake. Mikono akaiweka pajani.

Vichwa vyote vikamgeukia. Hata kozi, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa, aligeuza kichwa. Watu wa jangwani wote wanajua mgeni anayeweka finjani chini hajakataa kahawa. Ana haja, na hatainywa mpaka apewe. Na mwenye hema akimwacha mgeni aondoke huku ile kahawa imepoa, habari itamtangulia kila kisima mpaka wajukuu wake wakose wachumba.

Hizam alizitia vidole ndevu zake. Aliitazama finjani, akamtazama Barjas, na kila mtu aliona anachowaza: huyu amekuja kutaka aombwe radhi mbele ya watu wangu. Uso ulimpanda damu. Lakini Hizam alikuwa mtoto wa hema, hakuwa mtoto wa ofisi.

"Kunywa kahawa yako, Bu Jarrah," alisema polepole. "Haja yako imekubaliwa. Hata ukitaka kichwa changu, chukua, meno nimeshayang'oa mwenyewe."

Barjas akainua finjani, akanywa. Ilikuwa kahawa nzuri sana, na hilo lilimuuma.

"Nataka ile simu," alisema. "Chumba chenu na chumba chetu."

Hizam akapiga paja. "Umenitega! Umenitega kama sungura! Mambo ya serikali hayaombwi kwa kahawa!"

"Serikali zimeshakunywa zao, Abu Turki. Imebaki finjani yako."

"Na atakayeinua simu upande wenu ni binti yako!"

"Ndiye."

"Binti wa Barjas wa samaki! Kijana wangu aulize, 'Mnaona nini huko?' Aambiwe, 'Joka la vichwa saba, limepanda farasi!'"

Hema zima likacheka, na Barjas akacheka nalo. Kisha akasema: "Jana aliona nukta mbili. Hakusema ni kombora, hakusema ni ndege. Alisema hajui, akauliza. Ungeniweka mimi kwenye kiti kile, Kuwait yote ingekuwa imehamia India. Lakini yeye aliuliza, Abu Turki, na hakukuwa na wa kumjibu."

Hizam akanyoosha mkono. Mnywesha kahawa akammiminia naye finjani. Akaipokea, akaizungusha kidogo, halafu, watu wote wakitazama, akaiweka chini kwenye zulia lake mwenyewe.

"Nami nina haja," alisema. "Jike langu jeupe. Lilikwenda wapi?"

Wazee walisogea mbele. Waliokuwa nje waliingiza vichwa. Kama kuna mahali Barjas angeweza kuwapa watu hadithi, ni hapo: jike lililoolewa na tai wa Samarkandi, au lililotaga mayai kwenye mnara wa Baghdadi.

"Nilimvua kofia," Barjas alisema. "Akakaa kidogo mkononi. Akapaa, akazunguka mara moja, akaelekea kaskazini. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakurudi. Sijui alikwenda wapi."

Hizam alimtazama muda mrefu.

"Ndivyo ulivyosema siku ile."

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile."

"Neno kwa neno." Jenerali alitikisa kichwa. "Samaki wako nimesikia akikua kila mwaka, safari ya mwisho ameshameza meli. Kozi wangu hajaongezeka hata unyoya mmoja." Akainua finjani, akainywa yote, akafuta ndevu kwa kiganja. "Basi mwizi hukuwa. Wallahi, mpumbavu nilikuwa mimi. Na kahawa yote hii uliyoikosa!"

"Nilikunywa kwangu."

"Kwenu mnachemsha maji ya hina." Akamgeukia ofisa wake. "Andika tuko tayari. Ipelekwe leo hii. Na yule mpwa wangu mwambieni droni airushe kuelekea kusini. Akivuka mpaka tena, nitamfunga yeye manyoya."

Barjas hakuruhusiwa kuondoka mpaka kondoo aliwe. Wale wawili walibishana kuhusu kila kitu, toka mvua mpaka chumvi ya wali, na Hizam alipomsindikiza garini alimtupia chupa ya maji dirishani.

Wiki chache baadaye, alasiri, Barjas na Bi Hila walikuwa wamekaa uani. Nukta nyeusi ikatokea kusini, ikikata kona, na nyuma yake nukta nyingine. Bi Hila akasimama, mkono tayari unamtafuta paka. Barjas naye alisimama. Wakasubiri, shingo zimenyooka, mpaka nukta zikageuka zikarudi zilikotoka. King'ora hakikulia. Mitaani watoto waliendelea na mpira wao.

Simu ya Barjas ikaita.

"Baba," Wadha alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Mmeona? Kabla sijainua simu, wao wamepiga. Kijana mmoja anasema, 'Kapteni, huyo ni mpwa wa mzee tena, msiamshe watu, na jenerali anauliza samaki amefika wapi.'"

"Mwambie amemeza meli ya pili."

"Simu ni ya kazi, baba."

Bi Hila alikuwa ameshateremka chumba cha chini. Barjas akamsikia akivuta kitu, akilaani magoti. Alipanda na katoni moja ya maji, ya miaka mingi, imefifia mpaka maandishi hayasomeki, akaipasua kwa kisu cha jikoni na kuanza kujaza dele.

"Dada, maji hayo yatakuwa yameharibika!"

"Yatachemka. Keti." Akawasha moto. "Na Alhamisi usininunulie katoni nzima."

"Nisinunue kabisa?"

Bi Hila alitazama kaskazini kidogo, kisha upande wa bahari.

"Nunua nusu," alisema.