Gari la Kwenda Kitanga

Mimi ni Nurudini, mwana wa Isihaka, mwana wa Mudathiri. Mudathiri aliipanda milima hii kutoka Ujiji na kuanza kuuza vitambaa Kasulu wakati mji wenyewe ulikuwa nyumba chache zilizozunguka boma. Hakuacha mali ya kutajwa, aliacha jina. Isihaka, baba yangu, alilipokea jina hilo likiwa safi na akanikabidhi likiwa safi. Watu waliogombania mipaka ya mashamba walimwita awe shahidi, ijapokuwa ukoo wake ulikuwa wa wageni, kwa kuwa walijua hasemi jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Heshima hiyo ilitokana na desturi moja ya dukani kwetu. Mteja alipochagua jora la kitambaa, hatukumkatia palepale kwenye meza. Tulilitoa nje, juani, tukalikunjua mbele yake hadi ubao wa ndani unaozungushiwa kitambaa ukaonekana, ili kama kuna tundu la panya au doa la maji alione yeye mwenyewe. Lakini desturi hiyo ilimfunga mteja naye. Aliyekunjuliwa jora lote asione dosari hakuruhusiwa kusema atarudi kesho. Alikata, yaani alinunua, japo kipande cha kushonea kofia. Aliyeondoka mikono mitupu baada ya hapo alihesabiwa kuwa mtu asiye na neno, na habari zake zilimtangulia hadi Kibondo.

Nimeitaja desturi hii kwa sababu nusura initie aibuni mwaka jana, mjukuu wangu Zuhra alipotaka kununua gari.

Zuhra ni binti wa mwanangu Abdalah. Wajukuu wengine walipokimbilia Mwanza na Dar es Salaam, yeye alibaki Kasulu nami, akaligeuza duka la vitambaa kuwa duka la sare za shule. Hushona sare hizo yeye mwenyewe pamoja na wasichana aliowaajiri, kisha huzipeleka hadi mashuleni vijijini. Ni kazi ya heshima, nami huitaja mbele za watu bila kuombwa.

Tatizo lilikuwa usafiri. Alitegemea magari ya kukodi. Siku moja ya masika dereva wa kukodi, akienda kijiji cha Kitanga, alipata abiria waliomlipa vizuri zaidi. Akayashusha marobota ya sare kando ya barabara na kuyaacha hapo. Mvua ikanyesha. Mwalimu mkuu wa Kitanga alizipokea sare zile zikiwa zimechuja rangi, akasema bila ukali wowote: "Binti yangu, kazi ya sindano yako siilaumu. Ila mwakani, sare zisipofika salama kabla ya shule kufunguliwa, nitampa mwingine kazi hii." Shule za jirani hufuata afanyavyo yeye. Kuipoteza Kitanga kulikuwa sawa na kufunga mashine na kuwaambia wale wasichana warudi makwao.

Basi Zuhra alijinyima, akajifunza kuendesha, akapata leseni. Jioni moja alikuja barazani akaketi mkekani.

"Babu, nanunua gari kabla ya shule kufunguliwa."

"Vema," nikasema. "Utanunua jipya."

"La mtumba."

Nilivua miwani. "Ukoo huu umeuza nguo mpya tangu enzi za Mudathiri. Haukuuza mtumba, haukuvaa mtumba. Leo mjukuu wake apite sokoni ndani ya gari lililochakazwa na watu asiowajua?"

"Mume wangu mzee," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kike wanavyotutania, "ulinioa nikiwa mpya?"

"Usigeuze maneno."

"Sigeuzi. Nimeuliza bei. Gari jipya litachukua fedha zote, pamoja na za vitambaa. Nitakuwa na gari zuri lisilo na mzigo wa kubeba. Halafu likitaka matengenezo, niliendeshe hadi Mwanza ndipo mafundi wa waliouza waliguse, la sivyo dhamana yao inakufa. Nani atashona siku hizo?"

"Jipya halina siri," nikamjibu. "La mtumba lina siri za mwenyewe wa kwanza na wa pili."

"Hapo umesema kweli. Ndiyo maana nataka twende wote. Wewe una jicho la dosari."

Maneno hayo yaliniingia vizuri kuliko ilivyofaa. Nilikubali.

Tulipanda basi hadi Kibondo kwa Ridhiwani, mfanyabiashara wa magari ambaye marehemu baba yake alikuwa mteja wetu. Katika uwanja wake palikuwa na gari jeupe la familia, refu nyuma, lililoshushwa bandarini kutoka Japani. Lilikuwa limetumika huko kwao, lakini katika nchi yetu halikuwa limepata hata namba. Viti vyake vilikuwa bado na nailoni. Nakiri kwamba nailoni ile ilinipendeza. Niliipapasa, nikajiambia kwamba hili si jipya, ila halijavuliwa nguo na mtu wa hapa.

"Shikamoo, mzee," akasema Ridhiwani. "Karibuni. Dada naye karibu. Hili ndilo, roho inapenda, mguu unakanyaga."

"Marahaba," nikasema. "Kwetu kitu hukunjuliwa chote."

"Najua kwenu. Baba alinisimulia. Mimi leo nakukunjulia."

Na kweli alikunjua. Boneti ilifunguliwa, nami nikaona injini imeoshwa ikang'aa. Aliinua zulia, akaonyesha bati la chini halina kutu. Alizitoa karatasi za forodha, tukasoma namba ya chesisi pamoja naye. Akatuendesha juu ya lami kuelekea upande wa Kakonko na kurudi. Gari lilitembea kama limebebwa mikononi. Watu wa maduka ya jirani walikuwa wamesogea kutazama, kama watu wanavyopenda kutazama fedha ya mwingine ikitoka.

Ridhiwani alizima gari, akashuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee Nurudini, mimi ni mtoto wa mteja wenu. Nimekunjua mpaka ubaoni. Umeona tundu?"

"Sikuona."

"Doa?"

"Sikuona."

"Basi kwenu mnafanyaje hapo?"

Mzee mmoja mwenye duka la kanga akacheka: "Kwao wanakata."

Niliona macho yote yamenigeukia. Lilikuwa swali kuhusu jina la baba yangu na la babu yangu. Nikamgeukia Zuhra, nikasema: "Mjukuu wangu, kata."

Zuhra hakuufungua mkoba. Alipiga goti kidogo, kama anavyofanya akinipa maji, kisha akasema polepole: "Babu, naomba radhi. Jora hili halijafika ubaoni."

"Limebaki nini?" Ridhiwani akauliza. "Unataka nikuonyeshe na mifupa yangu?"

"Umelikunjua kwenye lami, kaka. Mimi mzigo wangu hauendi kwenye lami. Ninapokwenda mimi kuna mlima wa udongo mwekundu, na gari nyuma limejaa. Tukalikunjulie huko."

"Gari halina hata namba, unataka nilipeleke porini? Dada, hili gari ni la kistaarabu. Unapendeza ndani yake, unakwenda harusini, unakwenda Kigoma. Hayo ya magunia waachie wanaume wa maroli."

"Hilo ndilo ninalotaka kujua," Zuhra akasema. "Kama ni la harusini au la kazini."

Nilikasirika. Nilimvuta pembeni, nikamwambia kwamba ananivunjia neno langu mbele za watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza: "Babu, mteja akikwambia kitambaa ni cha kushonea mtoto wa shule, na wewe unajua kikifuliwa kinachuja, utasema umeshakikunjua chote?"

Kitambaa cha namna hiyo dukani kwetu tulikichovya majini mbele ya mteja. Hilo lilikuwa sehemu ya kukunjua, nami nilikuwa nimelisahau kwa ajili ya nailoni ya viti.

Nilirudi, nikasimama katikati ya watu. "Ridhiwani, binti anasema kweli. Tia mzigo."

Angekataa, wale waliokuwa wakicheka wangemcheka yeye. Akaagiza magunia ya mahindi kutoka ghala la jirani yake, yakapakiwa mpaka nyuma ikainama. Tukaiacha lami, tukaingia barabara ya udongo inayopanda vijijini. Chini ya mlima gari lilikwenda vizuri. Katikati ya mlima injini ilianza kunguruma kwa nguvu na magurudumu yakazidi kupunguza mwendo. Lilikuwa gari la gia za kujibadilisha zenyewe, na gia zilikuwa zinateleza. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikaingia ndani. Ridhiwani alikanyaga zaidi. Tukasimama, kisha tukaanza kurudi nyuma taratibu, hadi akavuta breki ya mkono.

Kisha Ridhiwani akasema, akitazama mbele: "Hili ni la mjini, mzee. Nilisema."

"Ulisema," nikamjibu. "Tena ulisema roho inapenda na mguu unakanyaga."

Alicheka, nami nikamheshimu kwa kicheko hicho. Magunia yakashushwa, tukateremka. Pale uwanjani nilitamka mbele ya wote kwamba dosari imeonekana, na kwamba hatuondoki na deni la heshima. Kisha tukapanda basi.

Njiani nilimwambia Zuhra: "Umeona sasa? Nunua jipya."

"Jipya watakuruhusu ulipakie magunia kabla ya kulinunua, babu?"

"Halihitaji."

"Kila kitu kinahitaji. Shule zinakaribia kufunguliwa, na mimi nataka gari ambalo mlima umeshaliona."

Alikuwa na jambo moyoni ambalo hakunieleza mpaka kesho yake. Aliniongoza hadi nyumbani kwa Mwamvua, mwanamke aliyekuwa akinunua maharage Kitanga na kuyaleta soko la Kasulu. Mwamvua alikuwa anahamia Kakonko kumuuguza dada yake, na pikapu yake ilikuwa uani, kuku wamelala chini yake. Rangi ilikuwa imepauka upande mmoja, na ubavu wa kushoto ulibonyea kama bakuli.

"Mwakeye, mzee," akanisalimu kwa Kiha. "Usiitazame usoni, itakuudhi."

"Imeshaniudhi," nikasema.

"Basi ngoja uudhike vizuri. Mlango ule unafunguliwa kwa nje tu. Kioo hiki kikishuka hakipandi, usikiguse. Rejeta niliibadilisha juzi. Springi za nyuma niliziongeza kwa ajili ya maharage, kwa hiyo ikiwa tupu inarusha watu. Na inakula mafuta ikipanda. Gia ni za mkono. Mafundi wote wa hapa wameshalala chini yake, wanaijua."

"Naomba niipeleke Kitanga na mzigo wangu," Zuhra akasema. "Sare zote."

"Ichukue. Ikikuangusha njiani, nirudishie funguo kwa miguu."

Nilimwambia Zuhra kwamba huo ni wazimu: kuziweka sare za Kitanga, zenyewe zile, juu ya gari ambalo bado si lake. Akanijibu kwamba kama haliamini kwa mzigo huo, asilinunue kwa mzigo mwingine. Marobota yakafungwa kwa turubai. Nikavaa kanzu na kofia, nikaketi mbele, nikisubiri kufunguliwa mlango kwa nje kama waziri.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Bondeni, kabla ya mlima wa Kitanga, roli lilikuwa limekwama, na pikipiki zilisukumwa na wenyewe wakiwa peku. Zuhra alisimama, akashuka, akaupima udongo kwa mguu wake, akarudi akatia gia ya kwanza. Hakuibadilisha tena. Pikapu ile ilipiga kelele, ikayumba, ikatupa matope hadi kwenye kioo kisichopaswa kuguswa, lakini haikuacha kupanda. Tulipofika juu aliniuliza kama nataka maji, basi.

Mwalimu mkuu alilifungua robota la kwanza, akashika kola ya shati, akaitazama pikapu, akanitazama mimi. "Mzee, hili ndilo gari lenu?"

Zuhra aliningoja nijibu mimi. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, habari ingefika sokoni kabla yetu, kwamba ukoo wa Mudathiri umenunua mtumba, tena uliobonyea.

"Ndilo," nikasema. "La Zuhra."

Siku hiyohiyo alimpelekea Mwamvua fedha mbele ya mashahidi, na kadi ikabadilishwa jina kwa taratibu zote. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye vitambaa. Wasichana wako mashineni hadi sasa. Barazani kuna vijana wanaoniuliza kwa dhihaka kama na kioo kile ni cha urithi. Nawajibu waje Kitanga wakati wa masika, waje na magari yao.

Sasa nawaambia ninyi vijana, wajukuu wangu na wa wenzangu, mnaotaka gari lenu la kwanza. Msiulize kwanza kama ni jipya au limetumika. Ulizeni litakwenda wapi na litabeba nini, kisha lipelekeni huko kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, ondokeni bila kuomba radhi. Msinunue kwa ajili ya macho ya watu wa barazani, kwa maana hao hawatawasukuma mtakapokwama. Na mzee wenu akiwaharakisha kwa ajili ya jina la ukoo, hata akiwa mimi, pigeni goti, mwambieni kweli, na msifungue mkoba. Nimesema haya nikiwa na akili timamu, na sitaki kusikia kesho kwamba hamkuambiwa. Yashikeni.