Nani Atamgusa Bonareri?

Sikukuu ya Madaraka mwaka 1969, wanaume wa Ikonge walijiandalia mbio ndefu hadi Nyamira. Wanawake waliandaliwa mbio za kubeba mtungi. Bonareri akasema mtungi aliubeba jana na kesho ataubeba tena. Leo anataka kukimbia.

"Kizazi kitaangukia barabarani," alionya Nyamweya, mwenyekiti wa mbio, ambaye ngazi tatu za kanisa tu humtoa pumzi.

Bonareri alikuwa na watoto wanne na kikapu cha chai mgongoni kila siku, na kizazi hakijaanguka. Filimbi ilipolia alikaza leso kiunoni, akachomoka nyuma ya wanaume. Alijua akikamatwa leo, hakuna mwanamke Ikonge atakayethubutu tena.

Kufikia mlima wa pili, wanaume kadhaa waliojiita majogoo walikuwa wameketi kando wakishika mbavu. Bonareri aliwasalimia, maana adabu ni adabu.

Nyamweya alimtangulia kwa gari. Kwenye kona ya mwisho alikuwa amepanga wazee barabarani, mikono wameitanua kama wanaofukuza kuku. Bonareri aliogopa kweli. Kisha akawatazama nyuso. Wa katikati alikuwa Angwenyi, baba mkwe wake. Waliobaki walikuwa ndugu zake Angwenyi, baba wakwe vilevile. Na Gusii nzima inajua kwamba baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata kwa bahati mbaya.

Akaongeza mwendo, akamlenga Angwenyi.

"Mshikeni!" Nyamweya alifoka.

"Shika wewe! Huyu ni bibi ya kijana yangu!"

"Tata, baba yangu, nipishe, nitakugusa!"

Mzee akaruka mtaroni, bakora na kofia, na ndugu zake wakamfuata. Nyamweya alijaribu kumkimbiza Bonareri, akaishia kushika goti lake mwenyewe. Bonareri alimaliza wa tatu huku akicheka na kulia.

Mwaka uliofuata Nyamweya aliapa kwamba safari hii atamzuia yeye mwenyewe. Alisimama peke yake kwenye kona, mikono ameitanua. Angwenyi alikuwa ameshakaa mtaroni tangu asubuhi, amejiletea kigoda.

Wanawake walitokea wanne. Bonareri, kwa hila zake, alijiweka wa pili. Aliyetangulia alikuwa Nyanchera, mke wa mwana kifungua mimba wa Nyamweya, anakuja mbio bila kupunguza.

"Tata, nipishe!"

Angwenyi alisogeza kigoda, akamwachia mwenyekiti nafasi.