Nyota Hufutwa Kwanza

Wenzake walimpachika jina la Mzee Nembo, naye hakulikataa. Katika chama chao cha wapiganaji wastaafu, yeye ndiye aliyetunza nembo: ngao, bunduki mbili zilizopishana, na nyota juu. Violezo vyake alivikata mwenyewe kwenye mabati, kimoja cha walio hai, kingine cha marehemu, akavitundika juu ya kitanda, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mkewe alizoea. Angefanyaje?

Masharti nayo aliyaweka yeye, enzi zile alipokuwa bado na meno yote na hasira zote. Kwa aliye hai, mitutu ya bunduki itazame juu. Kwa marehemu, itazame chini. Nembo isichorwe kwenye kitu cha kukalia wala cha kulalia. Aliyeacha lindo bila ruhusa asipewe, awe hai au maiti. Ikionekana mahali pasipostahili ikwanguliwe kwa msasa, na wa kushika msasa awe mtunza nembo mwenyewe, aanze na nyota, maana nyota ikishaondoka kinachobaki ni mchoro tu. Hayo maneno ya mwisho aliyapenda mno.

Kinyozi wa njia panda aliyaonja. Alijichorea nembo mlangoni ili kuvuta wateja wastaafu. Mzee Nembo alimfuata mchana kweupe, akaikwangua mbele ya mteja mwenye povu kidevuni.

"Mzee wangu, si ungeniambia tu niifute mwenyewe?" kinyozi alilalama.

Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye hakucheka. Alikuwa kazini.

Mwanawe wa pekee alikuwa askari kama baba yake. Alipelekwa mpakani, akaona aliyoyaona, na asubuhi moja akaweka bunduki chini, akarudi nyumbani kwa miguu. Mama alimpokea kwa maji ya kuoga. Baba alimpa mgongo. Waliishi nyumba moja miaka na miaka, wakipishana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana, mpaka kifua kilipomzidi kijana, akafa.

Matanga yalipokwisha, mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, chini ya yale mabati.

"Baba, sijawahi kukuomba kitu kuhusu haya makorokoro yako. Leo naomba. Mchoree mwanangu kaburini."

"Unajua haiwezekani."

"Namjua aliyesema haiwezekani. Ndiye ninayelala naye."

Mzee Nembo alikwenda kwa mwenyekiti wa chama, sajenti wake wa zamani, akasimama mbele ya meza kofia mkononi. Hakuwahi kumwomba mtu upendeleo, na maneno yalimtoka kwa tabu. Mwenyekiti alisikiliza, akapangusa miwani.

"Ndugu yangu, masharti ni masharti. Wewe ndiye uliyetufundisha. Tukimlegezea wako, wengine tutawaambia nini?" Kisha, kana kwamba yamekwisha: "Ila niazime kiolezo. Nembo zilizoko kwenye simu hazifai, ukizikuza zinakuwa ukungu mtupu. Tunataka safi, ya sherehe."

Mzee Nembo alipeleka vyote viwili, ili mwenyekiti achague. Utiifu ulikuwa umemkaa mwilini kama baridi yabisi.

Haikupita muda akaiona nembo yake dukani. Magodoro yalikuwa yamerundikwa hadi barabarani, na kila moja lilikuwa na ngao, nyota, na bunduki mbili zikitazama chini. Waliokota kiolezo cha marehemu, wala hakuna aliyeangalia mara mbili. Alisimama pale mdomo wazi huku muuzaji akilipigapiga godoro kumwonyesha linavyodunda.

"Mfadhili wetu, mwenye magodoro, ametujengea ukumbi," mwenyekiti alimwambia alipomwendea ofisini. "Usiwe mgumu, mzee. Ni godoro tu."

Alichukua mabati yake bila kuaga. Alipitia dukani akanunua rangi, akaenda makaburini na mkewe, akapiga magoti juu ya saruji ya mwanawe. Nembo ilitoka safi kuliko zote alizowahi kuchora, mitutu ikitazama chini. Mkewe alilia kwa sauti. Yeye alisema, "Mwanangu," neno ambalo alikuwa hajalitamka tangu kijana arudi.

Rangi ilikuwa imekauka vizuri kamati ya chama ilipofika nyumbani, mashati yamenyooshwa, vifungo vinang'aa. Walimwamkia mama kwa adabu zote. Wakaongozana hadi kaburini, na hapo mwenyekiti akatoa msasa mfukoni.

"Tumekuja kwa heshima, Mzee Nembo. Tungeweza kuifuta bila wewe. Lakini utaratibu unaujua."

Aliwatazama mmoja mmoja. Wote aliwafundisha yeye, na wote walisimama wima kama alivyowafundisha. Angeweza kuutupa ule msasa. Mimi ningeutupa, tena usoni mwa mtu. Angeweza hata kuwauliza habari za magodoro. Lakini tangu azaliwe hajawahi kupewa lindo akaliacha. Aliupokea, akapiga magoti palepale alipopiga siku ile, akaanza na nyota.

Alipomaliza ngao na bunduki, mwenyekiti alimgusa bega.

"Umetutia moyo sana. Halafu, kile kiolezo kingine tutakihitaji. Mfadhili anataka magodoro yajayo mitutu itazame juu."

"Sawa, afande," alijibu, bado amepiga magoti, vumbi la rangi likiwa limemjaa mapajani.

Wanaume waliondoka. Mkewe aliinama, akalipangusa lile vumbi juu ya saruji kwa ncha ya khanga, taratibu, mpaka pakawa peupe kabisa.

"Mwanangu aliacha lindo mara moja," alisema. "Wewe hujaliacha hata siku moja. Haya, tazama ulichokuwa unalinda."