Mboga za Mwaka Ule

"Hivi mama, mkweo anazunguka mji mzima kuwafundisha watu kula mboga, mbona mumewe anakula kwangu?"

Aliyeuliza ni jirani yetu, Mama Chipsi, ameegemea ukuta wetu mfupi huku anajipangusa mafuta mikononi. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya Mama Chipsi inasikika nyumba tatu mbele.

"Kinyozi hajinyoi," nikamjibu.

"Sawa, lakini huyu kinyozi ana mke, na mke ndiye mwenye wembe!" Akacheka mpaka akakohoa, akarudi kwenye karai lake.

Mimi sikucheka sana, maana alilosema lilikuwa kweli. Mwanangu ni fundi wa injini kwenye karakana ya mabasi, na kila jioni alikuwa anapita kwanza kwa Mama Chipsi ndipo aje nyumbani. Mezani alijilia wali kidogo, mboga akaisogeza pembeni ya sahani kama mtu anayetoa mdudu. Mke wake ni afisa lishe wa kituo cha afya. Amesoma, anaipenda kazi yake, na si mtu wa maneno mengi. Aliitazama ile sahani, nami nikamtazama yeye; ya mke na mume sikuyaingilia.

Marehemu mume wangu aliondoka kwa presha, katika umri ambao mwanangu sasa anaukaribia. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Akainama, hakuinuka. Tangu siku ile mtu wa nyumba hii akiinama kwa muda, roho yangu haitulii mpaka ainuke. Mwanangu anayajua hayo yote, na bado alikuwa hataki kupimwa. Mkewe alimwomba mpaka akachoka. "Niko mzima kama chuma," ndilo lilikuwa jibu lake. Nami katika sala zangu za asubuhi nilikuwa namwambia Mungu kwamba chuma nacho huliwa na kutu, basi amtazame.

Ikatokea kituo cha afya kikachagua karakana ile ile ya mwanangu. Mafundi kadhaa walikuwa wameanguka kazini kwa presha. Mkwe wangu na muuguzi mmoja, kaka mcheshi mwenye tumbo lake, wakapewa kantini: waongeze mboga na matunda kwenye chakula cha mchana, na wawapime presha wanaotaka. Meneja alikubali kwa majaribio. Wafanyakazi wasipokula, jiko lirudi kwenye vyakula vyake vya kukaanga, na hao wawili wafungashe.

Wafanyakazi hawakula. Mabeseni ya mchicha yalirudi jikoni kama yalivyotoka.

Jioni moja mkwe wangu aliingia jikoni, akaketi bila kuvua viatu. Nilikuwa nachambua mchele.

"Mama, leo mchomeleaji mmoja amesimama katikati ya watu. Kasema, 'Wewe Daktari wa Mchicha, anza na mumeo! Akila yeye na sisi tunakula!' Kantini nzima ikaangua kicheko."

"Na mumeo?"

"Alitoa simu akajifanya anapigiwa."

Nikaacha mchele. "Umwombe basi ale, hata kijiko kimoja."

"Simwombi, mama. Mtu akila ili mkewe asiaibike, huyo hajala. Kesho meneja anakuja kuyaona mabeseni mwenyewe. Yakirudi tena yamejaa, ndiyo basi." Akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. "Kazi nitapata nyingine. Huyu mume ndiye sitapata mwingine."

Hapo nikaona kunyamaza si heshima tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "baba wa mumeo alipofariki, mwaka ule mzima tulikula mchicha. Ulikuwa unajiotea nyuma ya nyumba, na hela ya kingine haikuwepo. Asubuhi mchicha, jioni mchicha. Mafuta hayakuwepo, kitunguu hakikuwepo. Nilikuwa nauinjika natoka kwenda kufua nguo za watu, nikirudi umelainika kama uji. Wadogo zake walikuwa wanalia. Yeye hakulia. Alikuwa anakula anatazama mlango, kama vile baba yake amechelewa tu."

Mkwe wangu akanigeukia. "Miaka yote hii hajaniambia."

"Sidhani kama amewahi kujiambia mwenyewe."

Nilidhani atanipa pole. Badala yake akaniuliza kama afisa lishe hasa: "Uliuchemsha muda gani, mama? Ulikuwa unateleza? Na rangi yake?"

"Muda mrefu. Ulikuwa unateleza, na rangi kama ya mkeka wa zamani."

Akaweka kile kiatu chini. "Pale kantini mpishi anauinjika asubuhi, watu wanakula mchana. Kumbe nimempelekea mume wangu mwaka ule ule kwenye sahani. Na hao wenzake, nani ajuaye kama kila mmoja ana mwaka wake? Mimi nimekazana kuwaeleza faida ya mboga. Sijawahi kumuuliza hata mmoja anakumbuka nini akiiona." Akasimama, akampigia muuguzi simu, akampigia na mpishi. "Mama, kesho una nafasi? Nahitaji mkono wa kukata."

Kesho yake nilikuwa kantini na kisu changu mwenyewe, maana visu vya pale havikati hata maji. Mchicha haukuguswa mpaka kengele ya mchana ilipokaribia. Ndipo mpishi akaupitisha kwenye kitunguu na mafuta kidogo, sufuria ndogo ndogo, ukatoka kijani kama ulivyoingia. Mkwe wangu akachanganya kabichi mbichi na karoti, akakamulia ndimu na kunyunyiza chumvi kwa ncha za vidole. Mimi nikakata papai vipande, tukavitia kwenye vikombe na vijiti vya kudungia, kwa sababu mikono ya mafundi ni grisi tupu na hakuna anayetaka kumenya tunda kwa mikono ile. Muuguzi akaweka meza yake na mashine ya presha karibu na mlango.

Wakaja. Harufu ya kitunguu iliwapokea mlangoni. Mama Chipsi naye alikuwepo, kasimama kizingitini, mikono kiunoni, amekuja kuona kama atanyang'anywa wateja wake. Meneja alisimama kwenye kona karibu na mabeseni.

"Leo Daktari kapika, au kafanya uchawi?" mchomeleaji akapaza sauti.

"Uchawi ungekuponya huo mdomo," mpishi akamjibu, na watu wakacheka.

Mwanangu akafika kwenye kaunta. Mchomeleaji akanyoosha shingo. Mkewe hakumkazia macho wala hakumkwepa. Akamuuliza kama alivyomuuliza kila mtu, "Fundi, wewe unataka nini?"

Akautazama mchicha. "Huo hapana," akasema.

"Sawa," mkewe akasema, akauruka.

Nadhani ile "sawa" ndiyo iliyomshika. Alibaki amesimama. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabichi. Akawekewa kidogo, akaionja pale pale, na ikavunjika kwa sauti kinywani mwake. Akanigeukia mimi niliyekuwa na papai mkononi.

"Mama, hii inahitaji meno."

"Zile zangu hazikuhitaji, mwanangu," nikamwambia.

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kuhusu mwaka ule tangu uishe. Watu hawakujua tunachekea nini, ila mchomeleaji akasukuma sahani yake mbele: "Nipe na mimi hiyo inayomchekesha."

Siwezi kusema mabeseni yote yaliisha. Mchicha ulibaki, na wapo waliochokoa karoti wakaziacha mezani kama kokoto. Lakini kabichi iliisha, na papai watu waligombania. Meneja alifunua beseni moja moja, akakuna kidevu. "Endeleeni tuone," akasema. Mkwe wangu alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshuka kwenye gari la safari ndefu.

Wengine walipoanza kurudi kazini, mwanangu alikwenda kwenye meza ya muuguzi. Hakuna aliyemwita. Akaketi, akakunja mkono wa ovaroli.

"Nipime wewe," akamwambia muuguzi. "Mke wangu atanihurumia."

Mashine ikajaa upepo, ikashusha pumzi taratibu. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, kisu bado mkononi.

"Iko juu," muuguzi akasema kwa upole. "Lakini umeiwahi, fundi. Kesho asubuhi njoo kituoni, daktari akuone, tuanze matibabu."

Mwanangu alitikisa kichwa kukubali. Akamtazama mkewe muda mrefu, kisha akarudi kwenye kaunta, akajichukulia kikombe cha papai na bakuli la mwisho la kabichi, akaelekea mlangoni.

"Fundi!" Mama Chipsi akamsemesha. "Jioni nikuwekee zako kama kawaida?"

Akasimama kidogo. Akamtazama Mama Chipsi, akalitazama bakuli lake, akatafuna kabichi kwa sauti ili amsikie, akatoka.